Siku Niliyokalia Tairi la Hamimu

Kabla hujagusa gari la mtu, nawa mikono. Kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Najua mnacheka. Fundi hunawa baada ya kazi, huyu bibi anatuambia tunawe kabla, basi uzee umemkalia vibaya. Chekeni. Mimi nimelala chini ya magari ya watu hapa Gungu tangu mama zenu wanavaa sare za shule, na hakuna mteja wangu aliyeletwa nyumbani kwenye sanda kwa sababu ya mkono wangu. Nataka na nyie mje mseme hivyo mkiwa na meno machache kama mimi.

Shule niliishia darasa la tatu, baba akasema mbuzi hawajichungi wenyewe. Kwa hiyo msinitafutie maneno ya kitabuni. Nitawaambia habari ya pedi za breki, namna ya kuzibadilisha hapo hapo uani kwenu, bila gereji, maana nawaona mnavyofanya. Mnaegemeza simu kwenye ndoo, mnamtazama mtu wa nchi za mbali anafungua tairi, na nyie mnafungua. Sawa, jifunzeni. Ila yule wa kwenye simu hajala maharage ya mawese asubuhi ile. Wewe umekula, na vidole vyako vinang'aa.

Kwetu mawese ni dawa ya kila kitu. Mtoto akikohoa, mnampaka kifuani. Bawaba ya mlango ikilia, mawese. Mnyororo wa baiskeli ukikauka, mawese. Tumekulia kwenye imani kwamba kila kinacholia, ukikipaka mawese kitanyamaza. Na Hamimu naye aliamini hivyo hivyo.

Huyu Hamimu alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mfanyabiashara, ana pikapu ya buluu iliyokuwa ikipeleka chumvi na unga kwenye kambi za wakimbizi upande wa Kasulu. Mtu mzuri, mdomo mkubwa, anapenda kusifiwa. Pedi zake za mbele zilipoisha, chuma kikaanza kusaga diski, na gari likawa linapiga kelele kila akikanyaga breki. Akiingia sokoni watu wanamwimbia: "Hamimu! Huyo mbuzi unamchinja kwa kisu butu?" Hakuweza kuvumilia. Badala ya kuja kwa mafundi akachukua mawese, akapaka diski za mbele, kulia na kushoto, akapaka na pedi. Gari likanyamaza kabisa. Akazunguka sokoni kidevu juu, halafu akaanza kushangaa mbona siku hizi anapita duka alilotaka kusimama.

Sasa niwaambie aliyenifundisha kazi.

Miaka ile ya wakimbizi watu walikuwa wanaingia kwa nchi kavu na kwa ziwa. Warundi walishuka milimani na magodoro vichwani. Wakongo walifikia Kibirizi, nguo zimewagandamana mwilini. Mmoja wao alikuwa Fundi Lubunga, Mbembe wa ng'ambo. Alishuka kwenye boti na sanduku la spana kichwani, shati ni lile moja alilovaa. Mkewe na mtoto wao wa kike walikuwa wamepandishwa boti ya nyuma kwa sababu ya kwanza ilijaa. Ya kwanza ikafika. Ya nyuma haikuonekana. Alikwenda ufukweni kila asubuhi, mpaka wavuvi wakazoea kumwambia "bado" hata kabla hajauliza.

Mimi nilikuwa mjane, ua wangu ulikuwa mkubwa kuliko watu wake. Nikampa chumba cha uani. Chumba kingine alikuwa anakaa Odeta, Mrundi, dada wa watu na mtoto wake mchanga mgongoni. Lubunga akaanza kutengeneza magari pale pale uani, na mimi nikaanza kwa kumwoshea nati kwenye bakuli. Siku moja akanitazama akasema, "Mama Zaituni, weye mikono yako iko na akili. Kuja huku chini." Nikafunga kanga vizuri, nikaingia chini ya gari. Majirani walisema nimerogwa na Mkongo. Niliwajibu kwamba kama uchawi wake ni wa kufungua nati, basi aniroge vizuri.

Alikuwa mkali kwa upole. Hakuniruhusu niingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, jeki ambayo yeye aliiita krike. "Krike ni rafiki ya asubuhi," alisema, "jioni inakuruka." Tulikuwa na magogo ya mninga tuliyoyakata mafupi, tunayaweka chini ya chesisi. Alinifundisha kulegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, maana ukilinyanyua kwanza tairi linazunguka nawe unafanana na mtu anayecheza ngoma na ukuta. Alinifundisha kwamba ukishalifungua lile kono la chuma linaloshika diski, kalipa, usiliache lining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki. Lifunge kwa waya kwenye springi. Ule mpira ukichanika kwa ndani huwezi kuona, utajua ukiwa mlimani.

Na pedi, nyie, zina uso na zina mgongo. Mgongo ni chuma, uso ndio wenye lile gome linalosugua. Uso unatazama diski. Mnaona ni kitu cha kuambiwa na mtu? Kuna bwana mmoja wa Kasingirima alifunga mwenyewe nyumbani, akageuza, chuma kikatazama diski. Akaja kwetu analalamika kwamba kauziwa pedi bandia. Lubunga alipofungua akakaa chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla, akamuuliza yule bwana, "Watoto yako ulibeba ndani ya hii gari?" Yule akasema ndiyo, kila siku, shuleni. Lubunga hakucheka tena siku ile.

Kitu alichokuwa akirudia kuliko vyote ni hiki: pedi hubadilishwa pande zote mbili siku moja. Kulia na kushoto. "Gari inatembea na miguu ya mbele kama mutu," alisema. "Mguu moja ikishika na moja ikiteleza, utaanguka upande ule unaoshika." Nilikisikia mpaka kikawa kama adhana masikioni.

Basi siku yenyewe.

Jioni iliyotangulia Odeta alirudi kutoka kumsalimia dada yake kambini. Hakutua hata mzigo. "Fundi, nimemuona mwanamke. Mbembe. Ana mtoto wa kike ana kovu hapa kwenye nyusi. Kila mtu anayetoka Kigoma anamuuliza, hamjamuona fundi ana sanduku la spana?"

Lubunga alikuwa ameshika bakuli la chai. Akaliweka chini taratibu sana, kama lina mtoto ndani.

"Anaitwa nani?"

"Wanamuita Mama Sifa."

Sifa ndilo lilikuwa jina la binti yake. Halafu Odeta akamalizia lile baya: "Lakini kesho malori yanabeba Wakongo wote wa upande ule, yanawapeleka kambi ingine. Mbali. Wapi, hatukuambiwa. Walisema jua likifika kichwani watakuwa wameondoka."

Gari la kwenda huko asubuhi lilikuwa moja tu tulilolijua, pikapu ya Hamimu. Na Hamimu alikuwa amekwisha panga kuja kwetu asubuhi hiyo hiyo, maana pedi mpya zilikuwa zimemfikia na treni. Lubunga alisema tutafunga upesi, tutaondoka. Mimi nikasema inshallah.

Hamimu alifika kumepambazuka, na alifika kwa kugonga mti wa geti. Hivyo ndivyo alivyosimama. Akashuka anacheka, "Mama Zaituni, shikamoo, geti lako halina adabu."

"Marahaba. Na breki zako je?"

"Hazilii hata kidogo!"

Lubunga akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa. Akanigeukia. "Mama, nusa."

Nikanusa. Nilisikia harufu ya jikoni kwangu.

Ua wangu una mteremko. Upande wa chini kuna jiko la Odeta, banda la miti na udongo. Nikaweka mawe mbele ya matairi ya nyuma, maana breki ya mkono ya Hamimu ilikuwa pambo. Tukaanza na kulia. Kazi ilikwenda. Pedi za zamani zilitoka zimelowa, nyekundu, gome limebaki pembeni tu, jembamba kama ganda la muhogo mkavu. Pedi iliyokunywa mafuta haioshwi, mnanisikia? Itupe. Diski ndiyo inaoshwa. Tukaiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tukaisugua kwa msasa, tukaipangusa kwa kitambaa chenye petroli, na nikampigia kelele Odeta asichochee moto mpaka nitakapofunika kopo. Tukafungua kifuniko cha mafuta ya breki, tukairudisha ndani pistoni, kile chuma cha kwenye kalipa kinachosukuma pedi, kwa klampu, pole pole, mimi naangalia mafuta yanavyopanda yasije yakamwagika. Ukiilazimisha pistoni inachana mpira wake. Iombe, itaingia.

Hamimu alikuwa anakula maharage ya Odeta kwa mkono, anazungukazunguka. Nikamwona anafungua boksi la pedi mpya, anataka kutusaidia, kidole gumba kinadondosha mawese. Nilimpiga mkono kama ninavyompiga mjukuu anayetaka kushika kisu.

"Aah! Bi mkubwa, unanipiga na mimi mwenye gari?"

"Mwenye gari, nenda kanawe."

Alikwenda kunawa. Tangu hapo nikajua wapi pa kuanzia kuwafundisha watu kazi hii.

Kulia tukamaliza. Jua lilikuwa limeshatoka juu ya miti ya mawese. Tukahamia kushoto, na kushoto ndipo tulipokwama. Kalipa inashikwa na boliti mbili. Ya juu ilifunguka. Ya chini ilikuwa imeoza na kutu, na kabla yetu kuna fundi wa njiani aliyekwisha kuila kichwa. Lubunga akavuta, spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Akavuta tena. Tukagonga kwa nyundo, tukamwagia mafuta ya taa, tukagonga. Haikutikisika. Kila nikiinua macho, kivuli cha nyumba kimekuja karibu zaidi na miguu yetu.

Hamimu akasema, "Jamani, kulia si kumeshakaa? Tufunge tairi twende. Nitaendesha pole."

Nilimtazama Lubunga, nikingoja amfukuze kwa maneno. Lubunga hakumtazama mtu. Alikuwa anatazama njia.

"Funga," akasema.

"Fundi?"

"Mama, funga tairi. Tunaenda."

"Kushoto kuna mawese matupu, fundi."

"Nimesema funga!"

Hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Nikaliangalia lile tairi limelala chini pembeni ya gogo. Mkumbuke, enzi hizo nilikuwa na mwili, siyo huu ubao mnaouona. Nikalikalia. Nikakunja miguu, nikajifunga kanga.

"Mama Zaituni, nyanyuka."

"Sinyanyuki."

"Mke wangu anaondoka! Unasikia? Anaondoka leo!"

"Nasikia."

"Weye haukupoteza mutu ndani ya maji. Haujui!"

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mume wangu nilimzika mwenyewe, kaburi lake nalijua. Nikamwambia, "Mteremko wa njia ya Kasulu unaujua. Bonde liko kulia. Breki inayoshika iko kulia. Ukifika kule chini ukiwa maiti, mkeo atakuona, ndiyo. Atakuona vizuri sana."

Hamimu akaingilia, "Bibi wewe, mbona unawatabiria watu vifo asubuhi?"

"Wewe nyamaza, mpakaji mawese."

Lubunga alinisogelea. Bomba la chuma lilikuwa mkononi mwake, lile tunaloingiza kwenye mpini wa spana ili urefu usaidie. Odeta alitoka jikoni akasimama. Niseme ukweli, sikujua kama ataninyanyua au atanipiga. Machoni mwake sikuwamo, mlikuwa na malori tu. Nikashika kingo za tairi kwa mikono miwili.

Akasimama pale anapumua. Kisha akageuka, akaiingiza spana kwenye ile boliti, akaingiza bomba kwenye spana, na akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, mtu mzima, akaruka. Akaruka tena anapiga kelele kwa Kibembe, maneno ambayo hajawahi kunitafsiria. Chuma kikalia kama mfupa. Nikadhani boliti imekatika, na ikikatika hatuendi popote siku ile.

Ilikuwa imelegea.

Tulifanya kazi ya kushoto kama watu wanaozima moto. Toa, osha, msasa, petroli, sukuma pistoni, vaa pedi, uso kwa diski. Nilinyanyuka juu ya tairi pale tu lilipohitajika. Lubunga akafunga nati, akashusha jeki, akakaza nati tena gari likiwa chini, na kwa ile haraka akapiga teke mawe yakatoka. Mimi nilikuwa nimeinama naokota spana. Hamimu akarukia ndani.

Sasa hapa msikilize hata kama mengine mmeyasinzia. Ukishairudisha pistoni ndani, kati yake na pedi pana nafasi. Breki ya kwanza utakayokanyaga haishiki kitu. Ni lazima ukae kwenye kiti, gari halijatolewa mawe, ukanyage, uachie, ukanyage, uachie, mpaka pedali iwe ngumu chini ya mguu kama jiwe. Halafu uangalie mafuta ya breki, uongeze yakipungua. Halafu ndipo uguse ufunguo. Lubunga hakuwahi kulisahau hilo. Siku ile alilisahau, na simlaumu.

Pikapu ikaanza kushuka. Pole pole kwanza. Nikasikia Hamimu anasema, "Eh." Halafu, "Eh, eh! Haina kitu! Mguu unafika chini!"

Odeta alikuwa amekwisha kurudi kwenye jiko lake. Amechutama, anapuliza moto, mgongo umetuelekea, na mtoto yuko mgongoni.

"Kanyaga tena!" nilipiga kelele. "Achia! Kanyaga! Usishikilie, piga!"

"Haishiki!"

"Piga, Hamimu! Pigaa!"

Lubunga alishika mlango wa pikapu anauvuta kwa nyuma, miguu inaburuzika. Mimi nilimkimbilia Odeta, lakini gari lilinitangulia. Bampa liliingia kwenye banda, likakata nguzo, likasukuma kuni, chungu cha maharage kikapasuka. Hapo ndipo pedali ikashika. Gari likasimama likiinamisha pua, moshi wa majivu ukafunika kila kitu.

Sikumwona mtu. Nikaita, "Odeta!"

Moshi ukasogea. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ukutani kabisa, maharage miguuni. Kati ya bampa na goti lake ungeweza kupitisha mkono, tena mkono wa mtoto. Mtoto mgongoni wala hakuamka.

"Mana yanje," akamwita Mungu wake kwa Kirundi, taratibu. Kisha akalizunguka bampa, akampiga Hamimu mwiko wa kichwa kupitia dirishani.

"Si mimi! Ni breki!"

"Breki ina mguu?"

Nilimtoa Hamimu kwenye kiti kwa kola. Nikakaa mwenyewe, nikakanyaga mpaka ikawa ngumu, nikaongeza mafuta ya breki, nikalizungusha gari uani mara kadhaa nikisimama na kuondoka. Lilisimama limenyooka. Nikasema, nakwenda nanyi. Hamimu akarudi kwenye usukani, mimi nikakaa pembeni yake.

Njia ilikuwa vumbi na mashimo. Lubunga alisimama nyuma kwenye bodi, ameshika chuma cha juu, anatazama mbele kama anayeweza kuivuta njia kwa macho. Hamimu sikumruhusu akimbie. Pedi mpya hazijazoeana na diski, unakanyaga kidogo kidogo mwanzoni, huzipigi kwa nguvu. Alikuwa analalamika, mimi namjibu kwa kidole.

Kwenye ule mteremko mrefu, bonde likiwa kulia, tulikata kona tukawakuta watu. Warundi, wamejaa njia nzima, wamechoka, wamebeba mikeka, masufuria, bibi kizee kwenye baiskeli anasukumwa. Hawakuwa na pa kukimbilia, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa. Hamimu akakanyaga. Niliufunga mdomo. Pikapu ikang'ang'ana, ikateleza kwenye changarawe, ikasimama katikati ya njia, imenyooka, haikuvuta kulia wala kushoto. Yule bibi wa baiskeli alikuwa mbele ya taa. Alitutazama, akasema "Mwakeye," kama tumekutana kisimani.

Hamimu alishindwa kuingiza gia. Nikageuka kumtazama Lubunga kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa ameona kila kitu. Alikwepesha macho.

Tulifika jua limeshapita kichwani. Uwanja ulikuwa mtupu. Alama za matairi makubwa, majivu ya mafiga, kandambili moja ya mtoto iliyokatika. Mlinzi akasema malori yameondoka muda si mrefu, wa hapo wote wamekwenda. Lubunga akauliza wapi. Mlinzi akanyoosha mkono upande wa njia, basi. Tukafuata mpaka njia panda, vumbi lilikuwa limeshatua pande zote mbili. Petroli nayo ilikuwa ya kurudia tu.

Lubunga alishuka, akachutama pale njia panda. Hakulia. Aliokota kijiwe akakitupa upande mmoja, akaokota kingine akakitupa upande wa pili. Kisha akapanda gari.

Msidhani alinishukuru. Tulifanya kazi pamoja ua mmoja, na akawa ananisemesha kwa namba za spana tu. "Kumi na nne." Nampa. "Kumi na saba." Nampa. Jioni chai anainywa chumbani kwake. Odeta alijaribu kutupatanisha, akakata tamaa. Watu wa Gungu wakasema, si tulisema. Nami nilikuwa najibu nikiulizwa, na nisipoulizwa najibu pia: kesho likirudi lile tairi, nalikalia tena.

Mvua zikaanza, zikanyesha, zikakatika. Aliyempata mke wa Lubunga ni Hamimu, ambaye tangu siku ile kila kambi aliyoshusha chumvi alikuwa anauliza kwa sauti yake ile kubwa, Mama Sifa, Mama Sifa, mpaka watu wakadhani ni jina la dawa. Siku moja asubuhi pikapu ya buluu ikaingia uani, ikasimama bila kugonga kitu. Akashuka mwanamke mwembamba, mrefu, na mtoto mwenye kovu kwenye nyusi. Lubunga alikuwa chini ya gari. Alitoka taratibu, uso umejaa grisi. Yale yaliyofuata kati yao siyo ya kwangu kusimulia. Niliingia ndani, nikafunga mlango.

Nilipotoka, yule mwanamke alikuwa ananingoja kizingitini. Hakunisalimia.

"Ni weye ulikalia tairi?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa ndani ya lori. Nilimwambia mutoto, baba atakuja sasa hivi. Nilimwambia mpaka usiku, lori ikazima taa." Alikuwa ananitazama machoni. "Kila siku ya mvua nilikuwa ninakasirika. Sikujua ninamkasirikia nani. Leo njiani huyu Hamimu ameniambia."

Nilingoja kofi. Ningelipokea.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hiyo kitu. Hiyo ulisema ni ya lazima. Ninataka kuiona na macho."

Nikamwambia kwanza anawe. Akanawa, mpaka kwenye viwiko. Nikaweka mawe, nikalegeza nati, nikanyanyua pikapu ya Hamimu, nikaweka gogo. Lubunga alikuwa amesimama mbali, amembeba Sifa, hakusogea. Nikafungua kalipa ya kulia, nikaifunga kwa waya, nikatoa pedi moja nikaiweka kiganjani mwake.

Aliigeuza. Akapitisha kidole kwenye gome lake, akapitisha mgongoni kwenye chuma. Ilikuwa imeanza kulika vizuri, sawasawa, pembe zote. Akaipima uzito kwa kiganja.

"Kitu kidogo hivi," akasema.

"Kidogo hivyo hivyo."

Akanirudishia. Akajipangusa mikono kwenye kitenge chake, akachuchumaa, akatazama ninavyoirudisha, ninavyokaza boliti, ninavyolivalisha tairi. Nilipomaliza nikainuka, nikashika mgongo. Yeye hakuinuka. Alikuwa anaitazama pikapu kwa chini, mpaka ng'ambo.

"Na upande wa pili?" akauliza.

Nikaokota jeki, tukazunguka.